Bwana Mpya wa Bakhita

Wapenzi wasikilizaji, ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, nanyi mliokwisha kuupokea, nawasalimu nyote kutoka hapa Miti, kando ya njia itokayo Bukavu kwenda Kavumu. Najua saa hizi wengi mmeketi karibu na moto, kazi ya shamba imekwisha, watoto wamekwisha kula sombe yao. Basi wekeni radio mahali ambapo hata nyanya asiyesikia vizuri atalipata neno.

Leo nataka kujibu ulizo ambalo wakatekumeni huniletea kila mwaka. Huniuliza hivi: «Mwalimu, mtu akibatizwa, taabu zake zakoma?» Tena wako waliokwisha kubatizwa ambao huliuliza kwa uchungu mkubwa zaidi. Mmoja asema: «Nilipokea ubatizo siku ya Pasaka. Mvua ilipokoma mtoto wangu aliugua, na mbuzi wangu wawili wakaibwa. Jirani yangu alinicheka, akaniambia nirudie hirizi niliyoitupa. Je, Mungu amenipa nini?»

Ndugu zangu, ulizo hili si dhambi. Mwenye kuliuliza asifukuzwe wala asikemewe, kwa maana anatafuta ukweli. Lakini mimi mwalimu nikimjibu kwamba taabu zitakoma, nitakuwa mwongo. Katika nchi yetu ya Kivu, nani asiyejua? Vita vilitujia mwaka 1996, vikaja tena mwaka 1998, na mwezi wa Februari 2025 vilifika tena Kavumu na Bukavu. Waliobatizwa walikimbia pamoja na wasiobatizwa, na mvua ikawanyeshea wote.

Basi ubatizo hubadili nini? Sitawajibu kwa maneno yangu matupu. Nitawasimulia habari za mwana wa Afrika ambaye leo Kanisa lote lamwita Mtakatifu: Yosefina Bakhita.

Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, huko Sudani. Wazazi wake walimpenda, naye alikuwa na ndugu wengi. Alipokuwa bado mtoto mdogo, watu wawili wenye silaha walimkamata karibu na kijiji chao, wakamfanya mtumwa. Walipomwuliza jina lake, hofu ilimfunga kinywa. Jina alilopewa na baba na mama likapotea katika fikira zake, asilikumbuke tena hata siku ya kufa. Wezi wale ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu maana yake «mwenye bahati». Angalieni ukatili huo: wamemnyang'anya mama, wamemnyang'anya baba, kisha wamwita mwenye bahati!

Aliuzwa sokoni kama mbuzi, akapita kutoka bwana huyu hata bwana yule. Nyumbani mwa afisa mmoja alipigwa karibu kila siku. Humo pia waliuchanja mwili wake kwa wembe, wakatia chumvi katika majeraha ili alama zisifutike kamwe. Alibaki na makovu zaidi ya mia moja.

Baadaye alinunuliwa na mjumbe wa serikali ya Italia aliyekaa Khartoum. Huyo hakumpiga. Mwaka 1885 alimchukua mpaka Italia, na huko Bakhita akawekwa katika jamaa nyingine ili amlee mtoto wao wa kike. Msimamizi wa mali ya jamaa ile, mtu mwenye kumcha Mungu, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua Yule aliyesulubiwa juu yake ni nani, lakini aliutunza kama hazina. Mwishowe yeye na yule mtoto waliwekwa kwa Masista Wakanosa mjini Venezia, na huko ndiko alikofundishwa dini katika nyumba ya wakatekumeni.

Sasa tulieni, tuyachunguze mambo haya. Tutapata mafundisho matatu.

Fundisho la kwanza ni hili: Mungu alimtafuta Bakhita kabla Bakhita hajajua jina lake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba, tangu utoto wake, alipoona jua, mwezi na nyota, alijiuliza moyoni: Ni nani Bwana wa vitu hivi vizuri? Akatamani kumwona na kumheshimu. Mwalimu alikuwa bado hajamfikia, wala hakuwa na kitabu. Alikuwa na macho na moyo tu. Masista walipomfundisha habari za Mungu, alitambua kwamba ni Yule aliyemsikia moyoni siku zote.

Nanyi pia, wakatekumeni wangu, msidhani Mungu alifika Bushi ndani ya mfuko wa Padri. Babu zetu walipotazama Kahuzi asubuhi, ukungu ukiondoka, waliona kazi ya mikono yake. Padri na mwalimu walikuja kututajia jina la Baba aliyekuwa akitulisha zamani, na la Mwanawe aliyekufa kwa ajili yetu.

Fundisho la pili: imani ilimpa Bakhita nguvu ya kusema hapana. Mama wa ile jamaa alirudi kutoka Afrika, akataka kumchukua yeye na mtoto waende naye Sudani. Bakhita alimpenda sana yule mtoto. Tena, ndugu zangu, tangu utoto wake hakuna aliyempa nafasi ya kuchagua. Aliambiwa nenda, akaenda. Aliambiwa keti, akaketi. Lakini safari hii alisimama imara, akasema kwamba hatatoka mpaka amalize mafundisho na kubatizwa. Yule mama alikasirika, na shauri likafikishwa kwa wakubwa wa Kanisa na wa serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitangazwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa. Kwa hiyo Bakhita ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, akapewa Kipaimara na Komunyo ya kwanza siku ile ile. Akaitwa Yosefina.

Tangu siku ile watu walimwona mara nyingi akibusu kisima cha ubatizo, akisema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Sikilizeni vizuri jambo la lugha. Katika Kiswahili chetu tuna neno Bwana. Mtumwa wa zamani alimwita aliyemnunua bwana. Mtu wa kibarua katika mashamba ya chai alimwita msimamizi bwana. Nasi katika sala twamwita Yezu Bwana. Bakhita naye, katika lugha ya watu wa Venezia, alimwita Mungu kwa neno lile lile walilomwitia mwenye mali na watumishi. Lakini mabwana wa kwanza walimchapa ili wao wapumzike. Bwana huyu mpya alikubali kuchapwa mwenyewe ili Bakhita apumzike. Aliinama akawaosha wanafunzi wake miguu. Anayemtumikia Bwana wa namna hii hawezi tena kuwa mali ya mtu.

Kwa sababu hiyo mjichunguze. Je, ni nani bwana wako? Mwingine bwana wake ni kasiksi: ikimwita jioni, haoni watoto wenye njaa. Mwingine bwana wake ni hofu ya wachawi: mtoto akikohoa, mbio kwa mganga kutafuta nani amemroga, na kesho yake ndugu hawasalimiani. Mwingine bwana wake ni kisasi, humlaza na kumwamsha. Kubatizwa ni kuyaambia mabwana hayo: Hapana, siendi nanyi. Nami nawaambia kwamba watarudi kukudai, kama yule mama alivyomdai Bakhita. Siku hiyo usisimame peke yako. Bakhita alisimama pamoja na Masista. Wewe nenda kwa wenzako wa shirika, nenda kwa mdhamini wako, nenda kwa Padri katika Kitubio.

Fundisho la tatu ndilo gumu, nalo ndilo jibu la ulizo letu. Maji ya ubatizo hayakufuta makovu ya Bakhita. Aliweka nadhiri za utawa tarehe 8 Desemba 1896, na tangu mwaka 1902 alikaa katika mji wa Schio. Alipika, alishona, alitunza vitu vya kanisa, alifungua mlango wa utawa na kuwawekea mikono vichwani watoto waliokuja shule. Watu wa mji walimpenda. Na siku zote hizo, chini ya nguo ya utawa, makovu yalikuwapo. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho, akiwa mzee, fikira zake zilirudi utumwani, akamsihi mwuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Minyororo haikuwapo tena; ilikuwa imeondoka miaka mingi. Lakini mwili wake uliikumbuka. Kisha alimtaja Mama Maria kwa furaha, akafariki tarehe 8 Februari 1947.

Mama unayenisikiliza, wewe ambaye usiku washtuka ukisikia hatua za watu nje, usifikiri kwamba imani yako ni ndogo. Mtakatifu naye alishtuka. Baba uliyeona nyumba yako ikiungua, na mpaka leo moshi wa shambani hukutia hofu, usione haya mbele ya Mungu. Yezu mwenyewe, alipofufuka, hakuja na mwili usio na alama. Alimwonyesha Toma mikono yake na ubavu wake. Kama makovu yangekuwa aibu, asingeyachukua mpaka mbinguni.

Hapa katika Bukavu tulikuwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mwana wa Bushi, aliyeuawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996 kwa kuwa hakutaka kuwaacha watu wake wala kunyamaza. Alizoea kusema kwamba yako mambo ambayo huonekana tu kwa macho yaliyokwisha kulia. Watu wa Bukavu hawajalisahau neno hilo. Matumaini ya Kikristu si ya yule ambaye hajalia. Ni ya yule aliyelia, na ndani ya machozi akaona kwamba yuko Mmoja anayemngoja. Papa Benedikto wa 16, alipoandika barua yake juu ya matumaini mwaka 2007, alimweka Bakhita mwanzoni kabisa, ili awe mwalimu wa dunia yote.

Lakini tusikosee katika neno la msamaha. Bakhita alisema kwamba kama angekutana na wale waliomwiba na waliomtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana kwa njia ile alipata kuwa Mkristu na mtawa. Msidhani aliita wizi wa mtoto jambo jema. Wizi ni wizi, na kumtesa mtu ni dhambi inayomlilia Mungu. Yosefu, mwana wa Yakobo, aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, na Mungu akayageuza kuwa mema. Hakusema mabaya yao yalikuwa mema. Na Bakhita mwenyewe alipata uhuru wake mbele ya wakubwa wa sheria. Kwa hiyo binti aliyetendewa uovu asiambiwe: Wewe ni Mkristu, nyamaza. Aende kwa daktari, aende kwa mwamuzi, na sisi tumsindikize. Kusamehe ni kukataa kulipa uovu kwa uovu. Tena msamaha haulazimishwi. Huombwa kwa Mungu kidogo kidogo, kama mtu anavyojifunza kutembea tena baada ya kuvunjika mguu.

Sasa turudie somo kwa maulizo, mpate kulishika.

Ulizo: Ubatizo waondoa taabu zote za dunia?
Jibu: Hapana. Waondoa dhambi, na watufanya watoto wa Mungu katika taabu na katika raha.

Ulizo: Bakhita alibadilika katika nini?
Jibu: Alikuwa mali ya watu, akawa binti wa Mungu, wala hakuna aliyeweza kumrudisha nyuma.

Ulizo: Makovu yetu ni dalili kwamba Mungu ametuacha?
Jibu: Hapana. Bwana wetu Yezu Kristu naye amebaki na makovu katika utukufu wake.

Ulizo: Matumaini ya Mkristu ni nini?
Jibu: Ni kungojea kwa hakika yale Mungu aliyotuahidi, kwa sababu aliyeahidi ametupenda kwanza.

Kazi yenu kwa juma hili ni moja. Kila mmoja amtafute mtu wa kijiji chake ambaye amebeba minyororo isiyoonekana: mjane, mkimbizi, mtoto aliyefiwa. Asiende kumhubiri. Ampelekee kuni, au kibuyu cha maji, akae naye kitambo. Akitaka kusema, amsikilize. Asipotaka, wakae kimya pamoja. Na tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, mashirika yote yawaombee watu wanaouzwa na kuteswa hata leo, kwa maana biashara ile mbaya haijakwisha duniani.

Tusali. Ee Mungu Baba yetu, ulimfuata Bakhita njiani alipokuwa hana jina wala mlinzi. Utufuate nasi katika njia zetu. Utupe nguvu ya kuwakataa mabwana wabaya, saburi katika maumivu yasiyokwisha upesi, na tumaini la kukuona. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.

Lala salama, wapenzi wasikilizaji. Tumsifu Yezu Kristu!