Usafi Kwanza: Kubadilisha Oili ya Haidroliki kwenye Trekta Dogo Lenye Loda

Mada kwa madereva na mafundi wa matrekta

Katika matrekta madogo mengi, oili iliyomo ndani ya gia boksi ndiyo hiyo hiyo inayoinua loda, kunyanyua jembe, kulainisha gia na kupoza breki zilizozama humo. Uchafu ukiingia kupitia loda, utafika hadi kwenye breki. Ndiyo maana nasema kazi hii, kabla ya yote, ni kazi ya usafi.

1. Wakati wa kubadilisha
Trekta jipya hubadilishiwa mapema, mara nyingi likifikisha saa 50, kwa kuwa gia mpya hutoa vumbi la chuma zinapozoeana. Baada ya hapo fuateni kitabu cha trekta na mita ya saa. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa imeingia maji. Hiyo haisubiri saa.

2. Maandalizi
Egesha mahali tambarare oili ikiwa vuguvugu. Shusha loda na mikono ya nyuma inayonyanyua jembe hadi chini, zima injini, kisha sogeza rungu la loda kila upande ili presha itoke. Ni marufuku kufanya kazi chini ya loda iliyoinuliwa bila kukingwa. Kabla ya kufungua chochote, futa kifuniko cha kujazia, filta na bolti za kumwagia. Mchanga mkavu uliokaa pembeni mwa kifuniko huanguka ndani mara tu kinapozungushwa.

3. Kumwaga
Baadhi ya matrekta yana bolti zaidi ya moja, pamoja na zile za ekseli. Ukifungua moja tu, oili chafu hubaki. Kagua sumaku ya bolti kama ipo: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vyenye ncha ni dalili ya gia au beringi kuharibika, na chanzo kitafutwe kabla ya kujaza.

Oili iliyo kwenye silinda na mipira ya loda haimwagiki pamoja na ile ya gia boksi. Kama oili iliingia maji, silinda na mipira hiyo visafishwe pia, la sivyo maji yatarudi kwenye oili mpya.

4. Kujaza na kupima
Rudisha bolti, ondoa filta ya zamani, kisha paka oili kwenye mpira wa filta mpya na uifunge. Tumia oili iliyotajwa kitabuni. Oili isiyofaa huweza kufanya breki zipige kelele.

Washa injini, iache izunguke taratibu, inua na ushushe loda mara kadhaa, zungusha usukani ili hewa itoke. Kisha shusha kila kitu, zima, ndipo upime. Ukipima loda ikiwa juu, oili iliyo kwenye silinda haitaonekana kwenye stiki, na utajikuta umezidisha.

5. Usalama
Usitafute uvujaji kwa mkono, tumia kadibodi. Oili yenye presha hupenya ngozi. Jeraha laweza kuonekana kama tundu la sindano, lakini mtu apelekwe hospitali hapo hapo, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Mapendekezo
Kila kikundi chenye trekta kiwe na daftari la saa, pamoja na faneli na dumu safi vya kazi hii peke yake. Oili chakavu ihifadhiwe kwenye dumu lililofungwa na kukabidhiwa kwa wanaoikusanya. Isimwagwe shambani wala mtoni, kwa sababu ardhi hiyo ndiyo tunayoilima.