Mwalimu Mkuu Aliyekubali Kuulizwa



Leo nataka tumkumbuke mwalimu mkuu mmoja. Jina la shule yake nyote mnalijua, lakini yeye mwenyewe wengi wenu hamumjui. Ni Geoffrey Griffin, aliyeongoza Starehe Boys' Centre pale Nairobi, toka 1959 mpaka alipofariki 2005. Miaka 46, shule moja!

Najua kuna mtu hapo ameshakunja uso. Mzungu? Tena mwanajeshi wa mkoloni? Ndiyo, na tusilifiche. Alizaliwa Eldoret 1933, na wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa katika jeshi lililopigana na Mau Mau. Aliyoyaona huko yakamchukiza, akaacha jeshi. Baadaye akapewa kazi ya kushughulikia vijana waliokuwa wamezuiliwa kambini Manyani, wengine watoto kabisa. Wengi wakahamishiwa Wamumu, upande wa Mwea, wakasoma na kufundishwa ufundi. Sisemi Wamumu ilikuwa pepo. Ilikuwa bado ni ya serikali ya mkoloni, na hakuna kijana aliyeulizwa kama anataka kuwa pale. Kwa hivyo mtu akiniambia mzee huyu hakuwa msafi, sitabishana naye. Mimi naangalia alichofanya baada ya kuona.

Alichofanya ni hiki. Mwaka 1959, yeye pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu (hawa wawili husahauliwa kila mara, na mimi hilo huniudhi) walifungua kituo cha watoto wasio na kwao, wale ambao mtaani tunawaita chokoraa. Vibanda viwili vya mabati, msaada wa kampuni za mafuta za Shell na BP. Basi! Kutoka hapo ikawa mojawapo ya shule zinazotajwa sana Kenya nzima. Asiye na kitu alisomeshwa na wafadhili, mwenye uwezo akalipa, wote bweni moja. Serikali ilipoanzisha NYS 1964 ikampa yeye aiongoze, akaiongoza mpaka 1988, na Starehe hakuiacha.

Lakini hebu niwaambie kilichonifanya nimchague yeye. Ni baraza. Kila wiki wanafunzi walikaa na mkurugenzi wao, na yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliweza kusimama akalalamikia chakula, kiranja, mwalimu, hata uamuzi wa mkurugenzi mwenyewe. Na haadhibiwi kwa kusema. Msidhani ni mtu laini, nidhamu ya Starehe ilikuwa kali. Ila mtoto akiuliza, anajibiwa mbele ya wenzake, na akiwa na haki, jambo linarekebishwa.

Kwetu ilikuwaje? Shule niliyosoma mimi, na jina lake silitaji, rafiki yangu alisimama gwaride la asubuhi akauliza kwa adabu mbona maharagwe yana wadudu. Alirudishwa nyumbani wiki mbili, aje na mzazi. Mamake anauza mahamri, akafunga biashara siku nzima kuja kuomba msamaha kwa ajili ya swali. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Tulinyamaza, na muhula uliofuata vioo vya ofisi vikavunjwa usiku. Mwalimu mkuu akashangaa, "Kwani mlikuwa na shida gani, mbona hamkusema?"

Mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Sitadai kwamba baraza ingeuzuia, manake mambo haya yana sababu nyingi. Lakini kila bweni likichomwa tunasikia habari ya madirisha ya vyuma, milango iliyofungwa na watoto wasio na nidhamu. Ni mara ngapi mmesikia mtu akiuliza kama hao watoto walikuwa na mahali pa kusema kabla ya usiku ule?

Wako kati yenu walio kwenye bodi za shule na madrasa, na wako walimu wapya. Baraza haihitaji bajeti. Inahitaji mkubwa akae asikilize lile asilotaka kusikia, tena wiki ijayo arudi.

Griffin alirudi mpaka mwisho. Mwanzoni mwa 2005 Starehe ya wasichana ilifunguliwa, na mwezi wa sita mwaka huo huo akafariki, akazikwa pale pale shuleni.