Malalamiko Yasirudishwe kwa Mlalamikiwa

Ndugu na dada zetu wa Kabazi, kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, hatukudai wingi wa vyama tu. Tulidai serikali inayojibu. Mteja wa umeme kuanza kwa kampuni ni sawa. Lakini aliyekwisha kupuuzwa huko, mdhibiti akiirudisha barua yake kwa kampuni ileile, hiyo ni kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara, hata ya maziwa yaliyoharibika. Cha 47 kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Basi tudai barua yenye tarehe na sahihi. Wakinyamaza, nakala zetu ziende Tume ya Haki ya Utawala.