Uhai wa Mtoto Njiti Si Kazi ya Hospitali Peke Yake



Mafanikio ya taifa katika kulinda uhai wa watoto ni makubwa, lakini lipo pengo moja lisilofaa kufumbiwa macho. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia utafiti wa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Hata hivyo, vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilipungua kutoka 25 hadi 24 tu. Ni dhahiri kwamba mtoto mchanga anahitaji juhudi za namna nyingine.

Miongoni mwa wachanga, walio hatarini zaidi ni njiti, yaani waliozaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba. Ngozi ya njiti ni nyembamba na mwili wake hauna mafuta ya kutosha, hivyo hupoteza joto upesi. Mapafu yake hayajakomaa. Aghalabu hawezi kunyonya vizuri kabla ya majuma 34, kwa hiyo hulishwa maziwa ya mama kwa mpira mwembamba. Hata oksijeni hana budi kupewa kwa kipimo, kwani ikizidi huweza kuharibu macho yake.

Kazi hiyo yahitaji wauguzi waliofunzwa, mashine za kusaidia kupumua na umeme usiokatika. Ndiyo maana mkoani Kilimanjaro matumaini huelekezwa Mawenzi, hospitali ya mkoa, na KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini zote mbili ziko Moshi, chini ya mlima. Njiti anayezaliwa Rombo au Machame juu huanza safari yake katika baridi, na baridi hiyo huweza kummaliza nguvu kabla hajafika kwenye mashine.

Kinga ya baridi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, wakiwa na upungufu wa mashine za joto, walianza kuwaweka njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo huitwa ya kangaruu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa hospitalini katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulithibitisha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, hupunguza vifo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri ifanywe hivyo.

Lakini mama anayempa mwanawe joto usiku na mchana hawezi wakati huohuo kulima, kukatia ng'ombe majani na kufundisha darasani. Wachagga wana desturi njema ya kumpumzisha mzazi takriban miezi mitatu, akilishwa mtori. Desturi hiyo isingoje mama arudi kihambani. Mtori na uteremke mlimani umfuate wodini. Baba na bibi nao waweza kumpokea mtoto kifuani ili mama apate usingizi.

Serikali nayo imetimiza sehemu yake katika jambo hili. Sheria ya kazi humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamemwongezea muda aliyejifungua njiti. Hata hivyo, mama aliyelazwa hana nafasi ya kuzunguka maofisini akidai haki yake. Ni wajibu wa mkuu wa shule au wa idara kumjulisha, kumtafutia wa kushika kazi yake, na kuacha kumwona kama mtoro. Na mwalimu wa sayansi awafundishe vijana, wa kike na wa kiume, kwamba mtoto mdogo kupita kiasi hapaswi kusafirishwa akiwa peke yake ndani ya blanketi, bali kifuani mwa mzazi, akiwa amevikwa kofia.