Chambo cha Perege

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Nilipoombwa kuzungumza nilishauriwa niwaeleze vijana habari za kazi na uongozi. Naomba radhi, kwani nitazungumza habari za kuvua samaki. Najua wapo watakaocheka, maana Dodoma ni nchi kame yenye msimu mmoja tu wa mvua. Lakini mabwawa tunayo. Lipo la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na lipo la Mtera, linalozuia maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme. Samaki wa mabwawa hayo wamewalisha wengi mlioketi hapa, na mimi walinisomesha.

Mwaka 1996 nikiwa kidato cha pili, mavuno nyumbani yalikuwa haba na ada haikutimia. Likizo ile nilikwenda Hombolo kwa mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi. Alinipa ufito, mshipi na ndoana tatu, akaniambia, "Mpwa wangu, kila perege utakayempata ni wako. Uza, ulipe ada."

Nilidhani kazi ni nyepesi. Nikaomba utumbo wa kuku, nikatia vipande vikubwa kwenye ndoana kubwa, kwa kuwa nilitaka samaki wakubwa. Siku tatu nilipata kambale wawili na kobe mmoja. Perege niliwaona kwa macho tu, wakija, wakinusa, wakienda zao. Jioni ya siku ya tatu mjomba alinicheka, akasema, "Unamwandalia mgeni chakula unachokipenda wewe."

Akachukua perege aliyemvua kwa wavu, akampasua tumbo mbele yangu. Mlikuwa na nini? Tope la kijani tu. Perege chakula chake kikubwa ni ukoga na mimea midogo ya majini, pamoja na masalia yaliyooza chini. Kambale hula nyama pia, hutafuta chakula gizani kwa sharubu zake, na harufu kali humvuta. Hata kipande cha sabuni humnasa. Perege hana haja na hayo. Basi kanuni ya kwanza, vijana, ni hii: kabla ya kuchagua chambo, jua samaki anakula nini pale alipo.

Tangu siku ile nilitumia donge la ugali wa uwele, gumu, lililokandwa mpaka lishike ndoana bila kumeguka, nalo si kubwa kuliko punje ya hindi. Maji yakiwa maangavu wakati wa kiangazi, niliviringisha ukoga mbichi wenye nyuzi uliotoka kwenye mawe ya bwawa lile lile. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huanguka majini na perege huwapokea juu. Siku hizo ugali uache. Maji ya mvua yakishaleta tope, nyungunyungu ndiye bora, kwa kuwa mafuriko humleta mwenyewe na samaki humtarajia.

Kanuni ya pili ni kwamba chambo kizuri huharibiwa na vifaa vibaya. Perege ni mwoga, kwani ndege humwinda kutoka juu tangu akiwa mdogo. Kivuli chako kikipita juu ya maji, au ukikanyaga ukingo kwa kishindo, amekwenda. Tumia ndoana ndogo, mshipi mwembamba, chubwi kidogo na chelezo chepesi. Mimi nilichonga changu kwa bua la mtama. Tupa pumba kiasi cha kiganja, kisha ketimbali na ukingo, unyamaze. Perege hamezi kwa pupa. Huonja, hutema, huonja tena. Chelezo kikitikisika, ngoja. Kikianza kwenda upande, hapo inua.

Kanuni ya tatu ilinichukua muda mrefu kuielewa. Upo wakati ambapo chambo chochote hakifai. Perege jike huatamia mayai yake mdomoni, na vifaranga wakitoka huwarudisha humo kila hatari inapotokea. Muda huo hula kidogo sana, au hali kabisa. Mimi nilimwita mjanja na mkaidi, kumbe mdomo wake umejaa watoto. Mjomba alipoona vishimo vya duara vya mazalio, alihamia sehemu nyingine ya bwawa.

Likizo ilipokwisha nilikuwa nimepata nusu ya ada. Nusu nyingine ilitokana na mbuzi wa mama. Nilirudi darasani wiki mbili baada ya wenzangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa Serikali, nilitumwa kijiji kimoja cha wavuvi kueleza Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na madhara ya nyavu zenye matundu madogo. Nilisoma vifungu kwa saa nzima. Nikauliza kama kuna maswali. Kimya. Nikawaona wakaidi, nami nikaandika hivyo katika taarifa yangu. Wakati wa kuondoka mzee mmoja alinisindikiza hadi garini, akasema taratibu, "Mwanangu, wavu unaoutaka hauuzwi hapa, na wenye watoto wanasubiri jioni." Nilikumbuka utumbo wa kuku. Niliichana taarifa ile. Mkutano wa pili niliuanza kwa kuuliza wavu halali unapatikana wapi na kwa bei gani, na hapo watu walizungumza hadi jua likazama.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa walimu, waganga, maofisa. Mtakutana na mwanafunzi asiyejibu, mgonjwa asiyerudi, mwanakijiji asiyenyoosha mkono. Msiharakishe kumwita mkaidi. Ulizeni kwanza anakula nini, na mdomoni amebeba nini.

La mwisho ni la usalama. Mkienda kuvua, msisimame majini. Mabwawa yetu yana kichocho, na Mtera ina mamba na viboko. Sumu na baruti ni marufuku kwa sheria, na huua hata wale vifaranga niliowaeleza. Na perege mdogo mrudisheni majini.

Ndugu Mwenyekiti, mjomba wangu hakupata kuingia darasani hata siku moja. Naomba ahesabiwe miongoni mwa walimu wangu.