Kuhara kwa Ndama: Kinachoua ni Kukaukiwa Maji



Katika vihamba vya Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, ng'ombe wa maziwa huishi bandani, hatua chache kutoka jikoni. Huletewa majani na migomba, naye humlipa mwenye kihamba kwa maziwa na kwa samadi ya kahawa na ndizi. Kaya yenye ng'ombe mmoja au wawili ikipoteza ndama, hupoteza ng'ombe wake wa kesho. Na kuhara ni miongoni mwa maradhi yanayoua ndama wengi zaidi katika mwezi wa kwanza.

Chanzo chake si kimoja. Bakteria aina ya E. coli hushambulia hasa katika siku 5 za kwanza. Virusi vya rota na korona huonekana zaidi kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza hadi wiki ya tatu, sawia na kimelea kidogo kiitwacho kriptosporidia. Kuanzia wiki ya tatu hujitokeza koksidia, ambayo mara nyingi huleta kinyesi chenye damu. Salmonela huambatana na homa. Kwa kuwa vimelea viwili au vitatu huweza kukutana ndani ya ndama mmoja, rangi ya kinyesi peke yake haitambulishi ugonjwa.

Hata hivyo, vyanzo hivi huua zaidi kwa njia moja: mwili hupoteza maji na chumvi. Macho hudidimia, ngozi ya shingo ikivutwa huchelewa kurudi, mdomo hupoa, na hatimaye ndama hushindwa kusimama. Mfugaji anayeanza na antibiotiki huku ndama hajanyweshwa huweza kupoteza fedha na ndama pia, kwani antibiotiki haziui virusi wala kriptosporidia. Tiba ya kwanza ni maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari kwa vipimo vya mtaalamu, yatolewe mara kadhaa kwa siku, kati ya milo ya maziwa. Maziwa yasikatishwe. Ndama akishindwa kunyonya au kusimama, au akihara damu, afisa mifugo wa kata aitwe siku hiyo hiyo.

Kinga kubwa haina bei: ni dang'a. Ndama huzaliwa bila kingamwili za mama yake, naye huzipata kwa dang'a tu. Utumbo wake huzipokea vyema katika saa 6 za mwanzo. Baada ya saa 24 hauzipokei tena. Ndama wa kilo 30 anahitaji takriban lita 3 mapema. Dang'a ya kwanza, basi, ni haki ya ndama kabla ya mtu yeyote.

Kitovu kipakwe iodini, na matandiko yawe makavu, hasa wakati wa masika na baridi ya Juni na Julai. Ndama mgonjwa atengwe na ahudumiwe mwisho. Kriptosporidia na salmonela huambukiza binadamu pia. Kwa hiyo watoto wasimchezee ndama anayehara, mikono ioshwe kwa sabuni, na maziwa yachemshwe. Uchafu wa banda usielekezwe kwenye mfongo, kwa maana maji yanayopita katika kihamba cha juu ndiyo yanayochotwa na jirani wa chini.