Njia Moja, Watu Wengi: Tupeane Zamu

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kabazi)



Siku hizi tunasikia kwamba simu ya mkononi itaongea na setilaiti moja kwa moja, bila mlingoti. Desemba 2025 kampuni ya Airtel Africa ilitangaza mkataba wa namna hiyo na SpaceX, wenye Starlink, kwa nchi zake 14, Kenya ikiwemo. Wengine wanasema, "Basi, shida ya mtandao imekwisha!" Ndugu zangu, tusikimbilie hapo.

Setilaiti si geni kwetu. Kituo cha Longonot, katika Bonde letu hili la Ufa, kilianza kazi mwaka 1970. Kilipeleka simu za nchi za nje kwa setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000, na kilihitaji sahani kubwa ajabu. Setilaiti za Starlink ziko juu kilomita mia kadhaa tu, ndiyo maana hata simu ndogo yaweza kusikika huko.

Lakini hebu tupige hesabu. Mlingoti mmoja unahudumia vijiji vichache. Mwali mmoja wa setilaiti unafunika eneo kubwa zaidi, na wote walio ndani yake wanagawana njia ile ile moja. Ni kama mfereji wa maji: kila shamba likifungua saa moja, wa mwisho hapati kitu. Hata wenye sahani za Starlink wameyaona. Mwishoni mwa 2024 kampuni iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na sehemu za jirani, kwa kuwa nafasi ilijaa.

Je, mafundi wanazuiaje msongamano? Kila laini ina namba ya kundi, 0 hadi 9, iliyoandikwa ndani ya kadi. Wewe huioni. Mtandao ukijaa, unaweza kutangazia simu zote kwamba makundi fulani yangoje. Simu yako inatii, inasubiri, halafu inajaribu tena. Yako pia makundi ya pekee: 12 ni la watu wa usalama, 14 ni la huduma za dharura. Hapo hakuna upendeleo. Hata hospitalini anayetokwa na damu hupita mbele ya mwenye mafua, si ndiyo?

Kwa nini nayasema haya Kabazi? Majirani zetu wa Solai walipatwa usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipopasuka na kuua watu zaidi ya 40. Aprili 2024 maji yakaua wengi tena kule Mai Mahiu. Usiku kama huo stima yaweza kukatika na mlingoti ukazima. Ikibaki setilaiti peke yake, na sisi sote tukaanza kuuliza "Uko wapi? Umesikia?", yule ambaye mtoto wake amefukiwa na matope atapitia wapi?

Mtambo utagawa zamu, lakini haujui nani ana shida kubwa. Sisi tunajua. Kwa hiyo naomba kila kikundi kipange hivi:

1. Chagueni watu wawili wa kutoa habari wakati wa hatari. Wengine waweke simu chini.

2. Tumeni ujumbe mfupi. Unachukua nafasi ndogo kuliko kupiga simu. Andikeni mahali, jambo lililotokea, idadi ya watu na msaada unaotakiwa.

3. Ukikataa kwenda, ngojeni dakika chache. Kubonyeza tena na tena kunazidi kuziba njia, maana kila jaribio nalo linachukua nafasi.

4. Zimeni bando. Video zitangoja kesho.

5. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, pigeni 999 au 112 mara moja. Hapo hakuna zamu.

6. Kwa setilaiti, tokeni nje penye uwazi, mbali na miti na mabati. Na simu za wale wawili zisikose chaji msimu wa mvua.

Katika mkutano wenu ujao, katibu aandike majina ya hao wawili kitabuni, na mzee wa mtaa apewe nakala. Ni kazi ya dakika kumi, na haina mchango. Mvua haitatungoja tupange.